Chemsha bongo ya ukumbini: namna ya kutunga maswali yanayoshangaza na majibu yanayosimama

Chemsha bongo huharibika kwa njia mbili. Ama maswali ni magumu mpaka ukumbi unageuka chumba cha mtihani, watu wanaanza kuangalia saa. Ama mzee mmoja wa meza ya nyuma anasimama, anapinga jibu lako, na yeye ndiye mwenye haki. La kwanza huwaboa watu. La pili linakunyang'anya usiku mzima, kwa sababu kuanzia hapo kila jibu litapingwa, hata lililo sahihi kama jua.

Yote mawili chanzo chake ni mezani kwako siku chache kabla, si ukumbini. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kutunga. Uendeshaji nitaugusa mwishoni, maana hauna mengi.

Hatua ya 1: Jua unamuuliza nani

Kabla ya kuandika swali hata moja, andika watakaokuwepo. Sikukuu ya familia ina bibi, wajomba, vijana wa chuo na watoto wa darasa la tano. Usiku wa kuchangisha fedha za kwaya au madrasa una watu wanaojuana kwa miaka. Sherehe ya mwisho wa mwaka kazini ina bosi, na bosi hapendi kuaibika. Kila kundi lina mambo linayoyajua kwa pamoja, na swali zuri hugusa hapo.

Changanya umri ndani ya kila timu. Timu ya vijana watupu itafagia maswali ya mpira na muziki, itaishiwa pumzi kwenye historia. Timu yenye nyanya mmoja anayekumbuka enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyovunjika mwaka 1977, na mjukuu wake mmoja wa sekondari, ndiyo timu yenye raha. Watu 4 hadi 6 kwa meza wanatosha. Wakizidi hapo, wawili watacheza na waliobaki watakula karanga.

Hatua ya 2: Anza na kile ambacho watu wana hakika nacho

Hapa ndipo wengi wanapokosea njia. Wanatafuta jambo geni kabisa, la mbali, wakidhani ugeni ndio mshangao. Ukiuliza mto mrefu kuliko yote nchini Mongolia, anayekosa hashangai, anainua mabega tu. Mshangao huja pale mtu anapoandika jibu bila kusita, tena anamnyamazisha mwenzake, halafu anakuta amekosa.

Mfano bora ninaoujua hauhitaji maandalizi. Waambie watu wafunge pochi, kisha uliza: kwenye noti ya Tanzania ya shilingi 5,000 kuna mnyama gani? Noti hiyo wameishika asubuhi kwenye daladala. Utasikia simba, tembo, hata twiga. Jibu ni kifaru. Simba yuko kwenye 2,000, tembo kwenye 10,000. Ukumbi mzima utapiga kelele na kufungua pochi, na hakuna wa kubishana kwa sababu ushahidi uko mfukoni mwake.

Mwingine: katika nchi hizi nne, ni ipi ambayo mstari wa ikweta haugusi ardhi yake? Kenya, Gabon, Somalia, Guinea ya Ikweta. Watu wataifuta Guinea ya Ikweta kwanza kwa sababu ya jina lake, na ndiyo jibu. Bara lake na kisiwa cha Bioko viko kaskazini mwa mstari, kisiwa chake kidogo cha Annobón kiko kusini, na ikweta inapita baharini katikati yake.

Maziwa nayo yana utamu wake. Kila mtu wa ukanda huu anajua Ziwa Victoria ndilo kubwa Afrika. Sasa uliza: kati ya Victoria na Tanganyika, lipi lina maji mengi zaidi? Victoria ni pana lakini halina kina, mahali pake pa chini kabisa ni kama mita 80. Tanganyika linashuka hadi mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi, na maji yake yanazidi ya Victoria mara kadhaa. Hapo hujamfundisha mtu jina jipya hata moja. Umemfanya ayatazame upya maziwa aliyoyachora tangu shule ya msingi.

Ukitafuta maswali ya aina hii, pita kwenye vitu vya kila siku: sahani, pesa, ramani, wanyama wa kitabu cha darasa la tatu. Kwenye sahani peke yake una raundi nzima. Mahindi, mihogo, karanga, nyanya, pilipili na mananasi asili yake ni Amerika. Vilivuka bahari baada ya safari za Wareno na Wahispania. Karafuu zilizoipa Zanzibar jina zimetoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, zikapandwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19. Embe limetoka Asia ya Kusini. Kahawa ni yetu, kutoka Ethiopia. Mtama na ulezi ni vyetu pia, kwa hiyo ugali wa mababu wa mababu haukuwa mweupe kama huu wa sembe.

Hatua ya 3: Bana swali mpaka jibu libaki moja

Ukishapata jambo zuri, lisome kama wakili wa upande wa pili. Jiulize: mtu mwerevu anaweza kutoa jibu jingine akalitetea? Akiweza, swali bado halijaiva.

Chukua hili: Tanzania inapakana na nchi ngapi? Linaonekana jepesi. Ukihesabu zote ni 8: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji. Lakini mpaka na Kongo wote uko ndani ya Ziwa Tanganyika. Anayesema 7 akimaanisha nchi kavu hajakosea. Basi geuza udhaifu uwe nguvu. Uliza: ni nchi gani jirani ambayo Tanzania inapakana nayo majini tu? Jibu limebaki moja, na swali limekuwa zuri kuliko lilivyokuwa.

Kuna swali la uhuru, ambalo huwasha moto kila mwaka. Ukiuliza Tanzania ilipata uhuru lini, wengi wataandika Desemba 9, 1961. Siku hiyo iliyopata uhuru ni Tanganyika. Zanzibar ilipata wake kutoka kwa Waingereza Desemba 10, 1963, Mapinduzi yakafuata Januari 12, 1964, na Muungano Aprili 26 mwaka huohuo. Ukiandika "Tanganyika" badala ya "Tanzania" umekata mzizi wa fitina. Ukitaka kuwatega, wape tarehe zote nne bila majina wazipange wenyewe.

Namba kamili ni mtego kwako wewe mtunzi. Urefu wa Kilimanjaro shuleni ni mita 5,895, na ndivyo tunavyosema wote, ingawa vipimo vya setilaiti vya baadaye vimepunguza mita chache. Usiulize mita. Uliza: vilele vitatu vya Kilimanjaro ni Kibo, Mawenzi na kipi? Shira ndiyo husahaulika, kwa sababu imeporomoka na kumomonyoka mpaka ikabaki kama uwanda. Mto mrefu kuliko yote duniani nao uache. Wapo wanaopima Amazon ikaushinda Nile, na wewe huna futi kamba ya kuwaamulia.

Vita vya Zanzibar vya Agosti 27, 1896 ni mfano wa jambo tamu linaloharibiwa na swali baya. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25. Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza, akapewa muda wa mwisho mpaka saa 3 asubuhi atoke. Hakutoka. Dakika chache baadaye manowari zikafungua mizinga, na kabla ya kengele ya saa 4, kazi ilikuwa imekwisha na Khalid amekimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Vilichukua dakika ngapi? Wengine wanaandika 38, wengine 40, wengine 45. Ukiuliza dakika, unatafuta ugomvi. Uliza vita hivyo, vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia, vilipiganwa mji gani, au sultani aliyekimbia alijificha kwa taifa gani. Dakika zisimulie baada ya jibu.

Michezo inahitaji jicho kali zaidi, maana meza ya vijana haina msamaha. Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, Oktoba 12, 2019. Je, hiyo ni rekodi ya dunia? Hapana. Hayakuwa mashindano ya wazi, na wasindikizaji wa kasi walipokezana njia nzima. Kelvin Kiptum alipoweka rekodi rasmi huko Chicago, Oktoba 2023, muda wake ulikuwa saa 2:00:35. Neno "rekodi" na maneno "mtu wa kwanza kukimbia chini ya saa 2" yanaleta majibu mawili tofauti, na ukiyachanganya Wakenya hawatakuacha ulale. Vivyo hivyo AFCON ya 2023 ilichezwa Ivory Coast Januari na Februari 2024. Ukiuliza "nani bingwa wa Afrika mwaka 2024", eleza unamaanisha mwaka ulio kwenye jina la mashindano au mwaka wa kalenda.

Hatua ya 4: Angalia kama jibu limeoza

Majibu yana muda wake wa kuharibika, na vitabu vya maarifa ya jumla vilivyorundikana kwenye makabati yetu vimejaa majibu yaliyochacha. Nchi kubwa Afrika kwa eneo ilikuwa Sudan. Julai 9, 2011 Sudan Kusini ikajitenga, na tangu siku hiyo ni Algeria. Bado nakutana na Sudan kwenye maswali ya shule.

Hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote Tanzania imebadilika mara mbili. Watu wa rika langu wataandika Serengeti. Mwaka 2008 Ruaha iliongezewa Usangu ikachukua nafasi hiyo. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori la akiba la Selous ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000, karibu mara mbili ya Serengeti. Kwa hiyo kwenye meza moja baba, mtoto na mjukuu wanaweza kuwa na majibu matatu, kila mmoja kafundishwa na mwalimu. Swali la namna hii ni dhahabu kama wewe mwenyewe unajua historia yake.

Miji mikuu nayo huhama. Burundi ilihamishia makao yake Gitega. Bujumbura ukabaki mji wa biashara. Nigeria ni Abuja tangu 1991. Ivory Coast kisheria ni Yamoussoukro tangu 1983 ingawa mambo mengi yapo Abidjan. Kwetu uamuzi wa Dodoma ulifanywa 1973, na hata hivyo jaribu kuuliza wageni wa nje uone wangapi wataandika Dar es Salaam.

Rekodi za riadha zinaoza upesi kuliko maziwa. Faith Kipyegon alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Florence mwaka 2023 kwa 3:49.11, akaivunja tena Paris mwaka 2024 kwa 3:49.04, kisha Eugene mwaka 2025 kwa 3:48.68. Swali la "rekodi ni muda gani" lililoandikwa 2023 lilishakufa mara mbili. Dawa yake ni kulifunga swali kwenye tarehe na mahali: nani alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa wanawake mjini Paris, Julai 2024? Hilo litabaki kweli hata akitokea msichana wa Iten kesho akaikata zaidi. Maneno "hadi sasa", "wa sasa" na "wa mwisho" yafute popote unapoyaona.

Hatua ya 5: Hakiki, na usiamini kilichosambazwa

Hesabu vyanzo viwili visivyonakiliana. Tovuti kumi zenye sentensi ileile, kosa lilelile la tahajia, ni chanzo kimoja. Kwa jambo la mbuga nenda kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, kwa riadha nenda kwa shirikisho la riadha la dunia, kwa Nobel nenda kwa wanaoitoa. Ni kazi ya dakika mbili kwa swali.

Zipo "ajabu za dunia" zinazozunguka kwenye makundi ya simu miaka nenda rudi, na karibu zote zina harufu moja: fupi, hazina jina la mtu, na mwishoni zinakuomba uwatumie wengine. Kwamba Ukuta wa China unaonekana kutoka mwezini: hapana, na Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda angani mwaka 2003, alisema hakuuona hata akiwa kwenye mzunguko wa karibu na dunia. Kwamba mbuni hufukia kichwa mchangani akiogopa: hapana, hutaga kwenye shimo ardhini na huinamisha kichwa kuyageuza mayai, ukiwa mbali unaona kiwiliwili tu. Popo si kipofu. Fahali hachukii rangi nyekundu, anachokifuata ni kitambaa kinachotikisika. Na binadamu hatumii asilimia 10 ya ubongo; sehemu zake zote zina kazi, muulize yeyote aliyeuguza mtu mwenye kiharusi kidogo tu.

Usizitupe lakini. Zikusanye uwe na raundi ya "kweli au uzushi", uchanganye na za kweli zinazofanana na uongo: kwamba pweza ana mioyo mitatu na damu ya bluu, kwamba shingo ya twiga ina pingili saba kama ya kwako, kwamba kilele kilicho mbali zaidi na kitovu cha dunia si Everest bali Chimborazo cha Ecuador, kwa kuwa dunia imevimba kiunoni. Wauza supu ya pweza watasema hawajawahi kuona damu ya bluu. Waeleze kuwa rangi hiyo hutokana na shaba inayobeba oksijeni mahali pa chuma kilicho kwenye damu yetu, na kwamba kwenye sufuria haibaki.

Hatua ya 6: Panga raundi

Raundi 5 za maswali 8 hadi 10 zinatosha kwa saa mbili. Ndani ya kila raundi, maswali mawili au matatu yawe ya kila mtu, pamoja na la kwanza, ili hata meza dhaifu iandike kitu. Mawili yawe magumu kweli. Yaliyobaki yawe yale ya "nalijua hilo, liko hapa ulimini". Hayo ndiyo huwafanya watu wanong'one, na mnong'ono ndio kipimo chako.

Usiweke raundi ya historia ukaifuatisha ya siasa. Weka sauti au picha katikati: vipande vya taarab au dansi vya sekunde kumi, picha za majengo zilizokatwa, nembo za timu zilizofutwa maandishi. Kila timu pia ipewe turufu moja, karatasi ya rangi inayowekwa juu ya raundi wanayotaka pointi zihesabiwe mara mbili. Waitoe kabla ya maswali kusomwa.

Hii ni raundi moja unayoweza kuichukua ilivyo:

1. Asili yake ni Afrika, kipi kati ya hivi: muhogo, karanga, tikiti maji au nyanya? (Tikiti maji.)

2. Mwaka 1415 mfalme wa China aliletewa twiga kama zawadi kutoka mji gani wa pwani ya Kenya ya leo? (Malindi. Wachina walimfananisha na mnyama wao wa hadithi anayeleta baraka, na twiga aliyefika mwaka mmoja kabla kutoka Bengal alichorwa picha.)

3. Mwaka 1944 askari wa rada aliokota sarafu za kale za Kilwa kwenye fukwe za visiwa vya nchi gani? (Australia, Visiwa vya Wessel. Zilikuwa sarafu 9, tano kati yake za masultani wa Kilwa. Zilifikaje huko, wanahistoria wanaendelea kubishana, na meza zako pia zitabishana. Waache dakika moja.)

4. Siti binti Saad alisafiri mwaka 1928 kwenda mji gani kurekodi santuri zake? (Bombay, leo Mumbai.)

5. Madini ya tanzanaiti yanachimbwa eneo gani, ambalo ndilo pekee duniani? (Mererani, mkoani Manyara. Atakayeandika Arusha mnyime; Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na hapa ndipo pa kumkumbusha habari ya kuoza.)

6. Mwandishi mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel ya Fasihi mwaka 2021? (Abdulrazak Gurnah.)

7. Mwanamuziki wa roki aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara? (Freddie Mercury.)

8. AFCON ya kwanza ilichezwa Khartoum mwaka 1957. Timu ngapi zilicheza? (Tatu: Misri, Sudan na Ethiopia. Afrika Kusini iliondolewa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Misri walibeba kombe.)

Swali la 5 na la 8 ndiyo magumu. Angalia lugha: kila swali lina mwaka, mahali au kigezo kinacholibana.

Kama ukumbi una watu 40 au zaidi, tia mchezo mmoja usio na karatasi. Uliza kila meza iandike ndiyo au hapana: humu ndani kuna watu wawili waliozaliwa siku moja ya mwezi mmoja? Wengi wataandika hapana, wakikumbuka mwaka una siku 365. Ila watu 23 tu wanatosha kuufanya uwezekano uvuke nusu, kwa sababu unalinganisha jozi, na watu 23 wana jozi 253. Kwa watu 40 uwezekano ni karibu asilimia 89. Taja miezi mmoja mmoja, watu wa mwezi huo wasimame waseme tarehe. Wazee wengine tarehe zao walipewa na karani wa vitambulisho, na hao wanaongeza utamu. Ila kumbuka hiyo asilimia 11 iliyobaki. Usiweke mchezo huu kama swali la kuamua bingwa.

Hatua ya 7: Usiku wenyewe

Soma kila swali mara mbili, polepole, halafu nyamaza. Sekunde 30 zinatosha. Mshereheshaji anayejazia kimya kwa vichekesho anawavuruga wanaofikiri.

Simu zote ziwe kifudifudi katikati ya meza, zimepangwa moja juu ya nyingine. Atakayegusa yake, timu inapoteza raundi. Tangaza hilo mwanzo, kwa uso mkavu, kabla hujamjua mkosaji ni nani, kwa sababu mkosaji wa kwanza huwa ni mjomba unayemheshimu.

Karatasi zisahihishwe na meza jirani. Hapo unamaliza mambo mawili: unapata wasahihishaji wa bure, na kila meza inaona upuuzi walioandika wenzao. Wakati wa kutoa majibu, yale magumu yapeleke kwa mtindo wa vitendawili. Meza zote zikishindwa, wewe unadai: "Nipeni mji!" Wakikupa Tanga, unakwenda Tanga, unasimulia ulivyopokewa na ulichokula, ndipo unatoa jibu. Wakubwa wataipenda, watoto wataiga. Usifanye kwa kila swali, usiku ni mfupi.

Akisimama mtu kupinga, usibishane naye kipaza sauti kikiwa mkononi. Kiweke chini, msogelee. "Shikamoo mzee. Nionyeshe ulichokiona." Uwe na karatasi yako yenye swali, jibu na mahali ulipolitoa. Jibu lake likiwa linatetewa kweli, wape pointi wote walioandika hivyo, si yeye peke yake, kisha endelea. Likiwa halisimami, mwambie uamuzi wa msimamizi ni wa mwisho na mtazungumza wakati wa chakula. Mweke mtu mmoja wa kuamua tangu mwanzo. Kamati ya watu watatu ni baraza la kijiji, halimalizi kitu kabla ya usiku wa manane.

Zawadi ziwe ndogo na za kugawanyika: kreti ya soda, mchele kilo tano, vocha za muda wa maongezi. Zawadi kubwa inaleta wanasheria. Timu ya mwisho nayo ipewe kitu, sabuni ya mche mmoja ni maarufu na haina maudhi.

Sare

Usimalize sare kwa swali la kujua au kutojua, maana timu mbili zilizolingana usiku kucha zinaweza kulijua zote. Tumia swali la kukadiria, aliye karibu zaidi na jibu ashinde. Namba iwe moja, inayojulikana, isiyokaririwa na mtu. Mawili haya yanafaa.

Reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina urefu wa kilomita ngapi? Ni 1,860.

Na la akiba, iwapo mmoja wao amewahi kufanya kazi reli: mwanga wa jua hutumia sekunde ngapi kufika duniani, kwa umbali wa wastani? Ni 499. Wengi wanakumbuka "dakika nane" na watazidisha kwa 60 wapate 480, kwa hiyo timu itakayojikumbusha kuwa ni nane na kitu ndiyo itakayobeba mchele.